Sugra Afikie kwa Nani

Mama yangu alizaa watoto wanne, akanyonyesha watano. Huyo wa tano, Sugrabai binti Tayabali, ndiye aliyemfanya akandike nyumba upya akiwa mtu mzima mwenye goti bovu, na ndiye ninayemweleza hapa, ingawa kwa miaka mingi sikupenda hata kulitaja jina lake.

Tayabali alikuwa Mhindi wa Kibohora, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa pale Wete. Mkewe alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Mama yangu, Mwanapili, alikuwa amenizaa mimi miezi minne kabla, na maziwa anayo. Basi Tayabali akapanda punda akaja kwetu Gando, mtoto kamzongazonga kwa shali, akasimama mlangoni akamwambia baba yangu, "Mzee Shaame, nimekuja kuomba." Sugra akabaki kwetu. Ilikuwa akae miaka miwili, akakaa minane. Ijumaa alipelekwa dukani kwa babake, Jumamosi akarudishwa huku analia kwamba kacheleweshwa.

Alilala kati ya mama na ukuta, mimi upande wa nje. Kikigawiwa chochote, kipande cha pweza au muhogo wa kuchoma, mama alisema, "Npe Sugra kwanza, yeye wa watu." Mimi nilikuwa wa nyumbani, nikangoja. Nimengoja sana katika maisha yangu, na shule ya kungojea niliisoma hapo.

Kisha Tayabali akahamia Mombasa na mwanawe. Siku waliyoondoka mama hakula. Ya pili hakula. Ya tatu alikula, lakini tangu hapo, kila alipokoroga uji, alionja mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa mtu ambaye hayupo, maana Sugra alipenda uji wa tangawizi nyingi na sisi wengine ulituwasha koo. Miaka ishirini na mbili tuliwashwa koo.

Barua ilikuja mwaka wa thalathini na nane, kabla ya mavuno. Wakati huo baba ameshafariki, na mimi nimeachika mara ya pili, nimerudi kwa mama. Ilikuwa ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwa sababu Mabohora lugha yao wenyewe huiandika kwa hati hizo, na mimi niliyesoma chuo cha Kurani nikaweza kuisoma. Mama alinitaka niisome mara saba. Sugra ameolewa, ana watoto wawili. Homa imemsumbua mwaka mzima na daktari amemwambia abadili hewa. Bwanake amekubali waje Pemba wapumzike siku kumi, na anataka wafikie Wete kwa shangazi yake, nyumba ya ghorofa yenye vyumba vitano na madirisha yanayotazama bahari. Yeye Sugra anataka kufikia Gando. "Mama, nimeshindwa kuchagua," aliandika. "Niambie wewe, nifikie wapi?"

Mama alicheka, kisha akanuna.

"Ntoto humuuliza mamake afikie wapi?" alisema. "Huko Mombasa kaharibiwa."

"Tumjibu nini?"

Alijikanda goti. "Andika. Mwambie kijumba chetu ni kile kile akijuacho, kibovu, moshi ntupu, mbu tele. Yeye sasa ntu wa mjini, na mumewe hakuzoea dhiki. Raha iko Wete. Andika vivyo hivyo."

Mtu wa Pemba akisoma hapa hana haja ya kuelezwa. Wa kwingine nimweleze. Kwetu mwenye nyumba hasemi, "Njoo kwangu, kwangu kuzuri." Huko ni kujivuna, na ni kumbana mgeni. Mwenye nyumba huishusha nyumba yake mpaka chini kabisa, na anayependa kufika huiinua. Unamwambia hapalaliki, anakwambia atalala. Unamwambia hakuna chakula, anakwambia amekuja na njaa yake mwenyewe. Mzee Kificho, jirani yetu, alimwambia nduguye wa Makangale kwamba nyumba imejaa kunguni na paa linavuja juu ya kitanda hasa. Nduguye akakaa miezi miwili, na siku aliyoondoka Mzee Kificho alilia mbele za watu. Hivyo ndivyo tunavyotakana.

Kwa hiyo mama alipokuwa akinitajia maneno yale, alikuwa akisema njoo. Njoo, mwanangu, njoo usichelewe. Nililielewa kila neno. Na nilielewa jambo jingine pia: kwamba aliyeondoka hapa na miaka minane, akakulia kwa watu wengine, huenda asielewe. Niliandika kama nilivyotajiwa, sikuzidisha wala sikupunguza. Karatasi ilibaki tupu nusu nzima. Ningeweza kuongeza mstari mmoja wa kwangu, "Mama anakutamani, njoo tu," na wino ulikuwapo. Sikuuongeza. Niliikunja karatasi na nusu yake tupu, nikampa Jecha, dereva wa gari la Wete, aipeleke posta. Wivu wa mtoto wa miaka mitatu ulikuwa bado umo ndani yangu, mtu mzima mzima.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. "Ahsante mama kwa kutuonea huruma. Tutafikia Wete kama ulivyosema, na siku moja tutakuja kukutazama."

"Vyema," alisema mama.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba anakanyaga udongo. Akakandika kuta za chumba cha ndani, akamwita kaka yangu Bakar abadilishe makuti upande ule wote. Akashona godoro la sufi. Akajenga ua mpya wa choo, mrefu, kwa sababu bwana wa Sugra huenda akaona haya. Nilimwambia, "Mama, kasema atafikia Wete."

"Barua huandikwa ntu akiwa mbali," alijibu. "Akishashuka akakanyaga nchi, miguu yenyewe itamleta."

Nilikuwa namtazama anavyopanda ngazi na goti lile kupangusa buibui, nikitaka aanguke kidogo tu, asiumie, aache. Mungu anisamehe.

Siku ya meli alioga asubuhi, akavaa kanga mpya, akakaa kizingitini. Hakwenda Wete kupokea, kwa sababu mama hamwendei mtoto bandarini akimvuta mkono mbele ya wakweze. Adhuhuri ilipita. Wakati wa alasiri Jecha akaja kwa miguu mpaka nyumbani, nadhani kwa kumwonea imani.

"Wageni wenu wameshuka, Bi Mwanapili. Nimewaona kwa macho yangu. Wamechukuliwa kwa gari la shangazi yao."

"Hajambo?"

"Hajambo. Kakonda."

"Hakuuliza njia ya Gando?"

Jecha alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Hakuuliza, Bi."

"Kachoka na bahari," alisema mama. "Kesho."

Kesho ikapita, na kesho kutwa. Walikuja siku ya nne, kwa gari la Jecha walilolikodi. Nilimtambua Sugra kwa mwendo, maana anakanyaga kwa visigino kama mama. Alikuwa na sketi pana ya Kibohora na mtandio wenye lesi, uso umemchongoka kwa homa. Bwanake alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na watoto wawili walishikana mikono. Sugra alisimama mlangoni akapiga hodi. Nilimwona mama akiipokea hodi ile usoni. Mlango ule Sugra alikuwa akiupita mbio, na kelele nyuma yake za kuku aliowatimua.

"Karibu," alisema mama. "Karibuni wageni."

Na walikuja kigeni kweli. Walileta sukari, majani ya chai, doti mbili za kanga na bati la biskuti. Mtoto wa nyumbani huja mikono mitupu, akafunua vyungu kuona kuna nini. Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru mara nyingi kupita kiasi. Akawaweka kwenye viti vya kuazima vya Mzee Kificho. Akamchinjisha Bakar kuku. Walizungumza habari za Mombasa, bei za vitu, na afya ya Tayabali, ambaye miguu imemvimba. Mama alimwita bwana wa Sugra "bwana mkubwa," na kila alipomwita hivyo Sugra aliinamisha kichwa.

Mara Sugra akainuka, akaja jikoni nilipo. Akakunja mikono ya nguo yake. "Nikusaidie nini, Mwatum?"

Kabla sijajibu mama akawa nyuma yake. "Keti mwanangu, utajichafua. Rudi kwenye kiti."

Sugra alirudi. Mimi, nisiseme uongo, nilifurahi kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikamwona mama ameshika mwiko, amesimama anatazama ukuta alioukandika mwenyewe, na hakuna chungu mbele yake. Furaha ikaniishia.

Walipomaliza kula, bwana akatazama saa. Niliwasindikiza mpaka garini. Yeye na watoto walitangulia, Sugra akabaki nyuma nami, akanishika kiwiko.

"Mwatum, mama ana nini na mimi?"

"Hana kitu."

"Ana. Nilimwandikia nataka kuja kwake, akanikataa. Nililia siku mbili. Bwana akasema, unaona, mwenyewe anakwambia nyumba haitoshi, usimbane mzee wa watu. Nikaona haya." Alikuwa akisema Kimombasa chake, taratibu, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Miaka yote hii ninapoumwa huwaza kitu kimoja, kile chumba cha ndani, niwe kati yake na ukuta. Nimekuja mpaka hapa, nimekaa kitini."

Ningemwambia. Maneno yalikuwa mdomoni: alikuwa akikuita, mjinga we, ungebisha. Nilimwambia, "Nendeni salama," nikageuka. Njia fupi ile ya kurudi nyumbani niliiona haiishi.

Mama nilimkuta anachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Nilikaa mbele yake nikasema yote. Nikasema nilijua Sugra hataelewa, nikasema nusu ya karatasi ilikuwa tupu, nikasema ni kwa ajili ya yale ya "npe Sugra kwanza." Nilingoja kofi au laana.

Aliendelea kuchambua. "Na miye nilijua," alisema mwisho.

"Ulijua nini?"

"Kwamba huenda asielewe. Kenda ntoto, karudi nke wa watu. Niliogopa, Mwatum. Niliogopa aje, aone tulivyo, amwonee mumewe haya, na siku ya tatu atafute sababu ya kuhamia Wete. Nikasema, ninkataze. Akibisha nitajua bado wangu." Akaweka ungo chini. "Nilitaka abishe. Nilitaka aniambie, Mama, nyamaza, nakuja."

"Basi tumwite. Kesho nitakwenda mimi."

"Keshafikia kwa watu. Akihama katikati, yule bibi mwenye nyumba ataonekana mgeni kanshinda. Wete nzima itasema. Utanifanya nimvunjie ntu heshima yake?"

Hilo ni kweli. Mgeni akishatua mzigo mahali, pale ndipo pake mpaka aondoke. Tukakaa. Siku ya tano, ya sita, ya saba. Chumba cha ndani kilinuka udongo mpya na hakuna aliyekiingia. Mama hakulalamika. Alikuwa anapika uji tu, nami nikaunywa na tangawizi yake yote bila kukunja uso, ndiyo toba niliyoiweza.

Siku ya tisa, baada ya swala ya adhuhuri, alitoka amevaa buibui, na kifurushi mkononi.

"Nipeleke Wete," alisema.

Tangu nipate akili sijamwona mama akilala nje ya Gando isipokuwa kwenye msiba. Gari la Jecha lilikuwa limekwenda Konde, tukatembea. Alipumzika mara nne, akishika goti, na kila nilipomwambia turudi alinipa kifurushi nimshikie, akaendelea. Alasiri ilikuwa imeshaingia tulipofika.

Nyumba ya shangazi ilikuwa kama ilivyosifiwa, ghorofa nyeupe yenye madirisha ya kijani. Shangazi mwenyewe, bibi mnene mwenye sauti ya upole, alitupokea ukumbini kwa heshima zote, akatuamkia vizuri, akaagiza sharbati. Mama hakuigusa.

"Nimekuja kulala na mwanangu," alisema. "Kesho anasafiri."

Shangazi alitazama kile kifurushi. "Bi Mwanapili, ungetupa habari mapema. Nyumba imejaa, hata kitanda cha kukupa sina."

"Kitanda sikizowei. Nitalala chini."

"Chini kuna baridi, na sakafu ni ngumu, goti lako litakuuma."

"Laniuma hata pakavu pa kwangu."

"Na chakula chetu hamkizoei, pilipili nyingi."

"Nshakula kwangu. Sina haja ila ya mwanangu."

Nilisimama pale mlangoni nikisikiliza, na nikaona vile vizuizi vikiondolewa kimoja kimoja, bila hasira, bila haya. Sijui kama shangazi alikuwa akikataa kweli au akikataa kama tunavyokataa sisi. Pengine na yeye hakujua. Mwisho alicheka, akasema, "Basi nyumba ni yako," akaita juu ngazini.

Sugra aliteremka. Alimwona mama ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kifurushi ubavuni. Hakuuliza kitu. Alikuja mbio na visigino vyake, akakaa chini na sketi yake pana, akalaza kichwa mapajani mwa mama, mbele ya shangazi na mbele ya mtumishi aliyeleta sharbati. Alilia kwa sauti, kama anayelia msiba.

Mama alimwacha alie. Kisha akamfunua mtandio, akamshika nywele.

"Kichwa kikavu hichi. Hukukitia mafuta tangu lini? Ondoka hapa, kalete mafuta na kitana. Upesi."

Sugra aliinuka huku anafuta pua kwa kiganja, akapanda ngazi mbili mbili. Sijawahi kumwona mtu akitumwa akafurahi vile. Aliporudi akakaa mbele ya mama, mgongo wake magotini mwa mama, na mama akaanza kumchana. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Nilisikia mama anamwambia, "Ungebisha, mwanangu," na Sugra anasema, "Sikujua kama yaruhusiwa."

Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, vumbi la njia miguuni. Shangazi alikuwa ameshaingia ndani. Nilitazama sakafu ile. Kulikuwa na nafasi upande wa kushoto wa mama, ya kumtosha mtu mmoja, na zaidi.

Sugra akainua macho akaniona. "Mwatum, wewe—"

"Mwatum arudi," alisema mama, kitana kikiwa mdomoni. "Jua linakwenda na kuku hawajafungiwa."

Alilisema kama anavyosema kila siku. Hakunitazama, kwa sababu hakuwa na haja ya kunitazama. Kati yake na mimi hakukuwahi kuwa na barua, wala hodi, wala kiti. Nilisema, "Haya, mama," nikamwambia Sugra tutaonana bandarini asubuhi, nikatoka.

Nilitembea haraka ili usiku usinikute njiani. Mtu angeniona angedhani nina hasira, na nilikuwa nayo, lakini si kwa Sugra. Nilikuwa na miaka thelathini. Nimeolewa nyumba mbili na kurudishwa, nimelala upande wa nje wa vitanda vyote nilivyopata kulala, na nilipopita mwembe wa mwisho wa Wete ndipo nilipotambua kwamba katika umri wangu wote hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza, wewe Mwatum, unataka kulala wapi. Nilikuwa na jibu. Nililisema kwa sauti, barabarani, hakuna mtu. Nikaenda nikawafungia kuku.